USHIRIKA HAUKUUAWA NA UJINGA WA MKULIMA

Kila mazungumzo yanapogusa ushirika wa mazao, hapa Dodoma na kwingineko nchini, hujitokeza mtu mwenye elimu yake akatoa hukumu ile ile: ushirika ulishindwa kwa sababu mkulima wetu ni mjinga, hajui mahesabu wala haelewi maana ya chama. Hukumu hiyo imerudiwa maofisini na katika vyumba vya walimu hata imevaa vazi la ukweli. Si ukweli. Ni kisingizio, tena kisingizio cha tabaka la watu ambao ndio waliokabidhiwa dhamana ya kuulinda ushirika huo.

Tuanze shambani, maana huko ndiko hoja inakozaliwa. Nchi ya Ugogo hupata mvua za msimu mmoja tu, kwa kawaida kati ya Desemba na Aprili. Katika ardhi hiyo mtama na uwele vimekuwa ngome ya uhai. Mtama una subira: mkulima akiona bei ni mbaya, hurudisha gunia ghalani akangoja. Zabibu haina subira. Huko Hombolo, Mpunguzi na Makutupora mzabibu huweza kuvunwa mara mbili kwa mwaka, lakini tunda likishaiva na kukatwa lina siku chache tu kabla ya kuharibika. Mnunuzi analijua hilo. Hana haja ya kugombana na mkulima. Anachohitaji ni kuchelewa. Akichelewa kidogo tu, mkulima mwenyewe huishusha bei. Hilo ndilo linaloitwa soko huria: uhuru wa mmoja kungoja, na uhuru wa mwenzake kuozewa.

Mkulima mmoja mmoja hawezi kuuvunja mtego huo. Hawezi kununua mtambo wa kukamulia zabibu, wala matangi ya kuhifadhia mchuzi wake katika ubaridi. Wakulima wengi wakiungana wanaweza, na siku hiyo atakayengoja ni mnunuzi. Hiyo ndiyo maana ya ushirika, na kuielewa hakuhitaji shahada.

Wala historia yetu haimshuhudii mkulima kuwa mjinga. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa chama kikuu cha KNCU. Katika miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Usukuma, waliochoshwa na mizani ya udanganyifu ya wafanyabiashara, walijenga vyama vyao hadi kufikia muungano mkubwa wa Victoria mwaka 1955. Wengi wao hawakuwa wamekaa sana darasani. Walijua kilo iliyoibwa walipoiona.

Basi ni nani aliyeuua ushirika? Mwaka 1966 Tume Maalumu ya Rais ilichunguza vyama vya ushirika. Iliona upungufu wa watumishi wenye ujuzi, ukosefu wa uaminifu, kuingiliwa na wanasiasa, na wanachama wasioelimishwa juu ya chama chao wenyewe. Hebu tuyapime mambo hayo manne. Ni lipi kati yake lililotendwa na mkulima? Hata hilo la mwisho si kosa lake; ni deni alilokuwa akidai.

Badala ya deni hilo kulipwa, Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa kwa amri. Kazi yake ikapewa mashirika ya umma, na kwa nafaka mkulima akaachiwa Shirika la Usagishaji la Taifa. Ni wengi wanaokumbuka matokeo yake: magunia yaliyochukuliwa leo na malipo yaliyokuja baada ya muda mrefu, huku shirika likizama katika madeni. Sheria ya mwaka 1982 ilivirudisha vyama, na mwaka 1984 Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri waziwazi kwamba kuvivunja lilikuwa kosa. Ujasiri huo wa kukiri ni funzo kwa kila kiongozi. Lakini wako maofisa ambao hadi leo hawajaukiri hata moyoni, nao huendelea kukitazama chama cha ushirika kama tawi la ofisi yao.

Leo vyombo vipo. Ipo Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, iliyounda Tume ya Maendeleo ya Ushirika yenye makao yake papa hapa Dodoma. Upo mfumo wa stakabadhi ghalani uliowekewa sheria mwaka 2005. Ipo Benki ya Ushirika iliyozinduliwa katika jiji hili mwezi Aprili 2025. Yote hayo ni mema. Lakini mwanachama akiketi katika mkutano mkuu na kusomewa taarifa ya fedha haraka haraka kwa maneno asiyoyazoea, kisha akaombwa apige makofi, vyombo hivyo vyote vimekuwa mapambo. Mtu asiyejua makato yanatoka wapi na yanakwenda wapi si mwanachama. Ni mteja wa chama chake mwenyewe.

Hapa ndipo ninapomgeukia mwalimu na mtumishi wa umma. Mwaka 1967 takriban thuluthi mbili ya watu wazima wa nchi hii hawakujua kusoma na kuandika. Kufikia mwaka 1986 takwimu za serikali zilionyesha kwamba waliosalia ni kama mmoja katika kumi. Kazi hiyo haikufanywa na malaika. Ilifanywa na walimu, jioni, chini ya miti na katika madarasa yenye taa za chemli. Taifa lililoweza kumfundisha mzee kuandika jina lake haliwezi kushindwa kumfundisha mjukuu wake kusoma mizania ya chama.

Hatuwaombi maofisa wawaongoze wakulima. Uongozi huo tumekwisha kuuona. Tunawadai wawafundishe: waibandike hesabu ya chama ukutani kwa Kiswahili kinachoeleweka, waifafanue mstari kwa mstari, kisha wakae pembeni wanachama waulize na kuamua. Atakayeogopa kufanya hivyo atakuwa amekwisha kutuambia ni kwa nini alipenda mkulima aendelee kuitwa mjinga.