Daftari la Wiki: Kifaa cha Kufungia Nzi Kikiharibika, Siku za Kurudisha Zimepita

Kazi yenyewe

Kufunga nzi ni kutengeneza chambo bandia: ndoana huzungushiwa uzi, manyoya ya jogoo na nywele za mnyama mpaka ifanane na mdudu anayeliwa na samaki, hasa trauti. Kazi hii ina mizizi Kenya. Mwaka 1905 Ewart Grogan alileta trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Uskoti, wakatiwa katika mto Gura huko Aberdare. Nyuma ya samaki wakaja wavuvi, na nyuma ya wavuvi wakaja wafungaji. Leo nzi waliofungwa na mikono ya Wakenya huuzwa Ulaya na Marekani, na Fulling Mill ya Uingereza ni mojawapo ya kampuni zinazowategemea mafundi hao.

Turbo iko kilomita 35 hivi kutoka Eldoret, kwenye barabara kuu ya kwenda Malaba. Si mji wa trauti. Samaki huyo anataka maji baridi, na maji hayo yako juu, katika milima ya Cherangani na Elgon. Mfungaji anayeishi Turbo hununua vifaa vyake Nairobi, huviagiza ng'ambo, au huletewa na jamaa anayerudi kutoka safari. Kifaa hubadilisha mikono mara kadhaa kabla hakijafunguliwa, na hapo ndipo shida inapoanzia.

Siku zinavyopotea

Maduka mengi hutoa siku 7, 14 au 30 za kurudisha bidhaa. Uasin Gishu, kaunti ilipo Turbo, ni nchi ya mahindi: Machi na Aprili ni kupanda, Oktoba na Novemba ni kuvuna. Jiliwa, au vaisi kama mafundi wanavyoliita, likifika wakati wa kupanda linaweza kukaa ndani ya boksi hadi palizi iishe. Likitolewa, mataya yake hayashiki ndoana, na karatasi ya duka inasema muda umekwisha mwezi mzima uliopita. Mwenye mali hujilaumu, hukiweka kifaa kabatini na kuanza kudunduliza cha pili. Hapo huwa amejidhulumu mara mbili, kwa sababu siku za duka ni hisani ya duka, na haki ya mnunuzi iko mahali pengine.

Kasoro au matumizi

Kabla ya kudai chochote inafaa kujua kama kifaa kweli kina kasoro. Jiliwa ndilo linalosingiziwa zaidi. Kila jiliwa lina kiasi chake cha ndoana, na mengi huhitaji kurekebishwa skrubu au kola kila ukubwa wa ndoana unapobadilika. Mafuta ya kiwandani yakibaki kwenye mataya, ndoana huteleza hata kama chuma ni kizuri. Basi mataya yafutwe kwa kitambaa chenye spiriti, ndoana ya ukubwa wa kati, tuseme namba 12, ikazwe kwa sehemu yake ya pindo, kisha mkono wa ndoana usukumwe chini kwa kidole. Taya zuri hushika mpaka ndoana yenyewe ianze kupinda. Ikiteleza katika kila ukubwa ambao mtengenezaji ameutaja, au mataya yakionyesha mwanya wa mwanga upande mmoja, hiyo ni kasoro. Ufa mdogo kwenye ncha ya taya nao ni kasoro: feleji ilitiwa matiko kupita kiasi ikawa kavu.

Kishika uzi kina ugonjwa mmoja mkubwa, nao ni mdomo wa mrija wenye makali. Uzi hukatika kila mara mahali pale pale. Kipande cha pamba kikivutwa polepole ndani ya mrija, nyuzi zake zitanasa kwenye ukali uliojificha. Mrija wa kauri huhitaji kioo cha kukuzia, kwa kuwa ufa wake ni mwembamba kama unywele. Mkasi hupimwa kwa karatasi laini iliyolowa maji, ikikatwa kwa ncha tu. Mkasi uliokwisha kukatia waya wa shaba haufai kulalamikiwa.

Gundi inayokauka kwa mwanga wa urujuani huleta ubishi mwingi: je, kosa ni la gundi au la tochi? Turbo iko karibu sana na Ikweta, na jua lake linatosha kuamua. Tone moja la gundi liwekwe juani mchana. Likikauka, tochi ndiyo mbovu, au betri zake. Lisipokauka, gundi imechacha.

Ndoana zinapimwa moja moja. Ishikwe kwenye jiliwa, ivutwe kidogo kwa ukucha. Nzuri hupinda kidogo na kurudi ilivyokuwa, laini hubaki wazi, na kavu hukatika. Mbili tatu zikikatika ndani ya pakiti moja, pakiti nzima itiliwe shaka, maana ndoana hutiwa matiko kwa mafungu na kosa la tanuri huenea kwa fungu zima. Kwa anayeuza nzi hasara haiishi kwenye bei ya ndoana, kwa sababu nzi huhesabiwa kwa dazani. Manyoya na masaa ya kazi hupotea pamoja nazo, na mteja akipoteza samaki kwa ndoana iliyofunguka harudi tena.

Ushahidi kabla ya tupa

Hapa ndipo wengi wanapojiharibia. Mkono wa fundi huwasha, tupa iko karibu, na kabla ya jioni taya limesuguliwa. Kuanzia dakika hiyo muuzaji anaweza kusema kifaa kiliharibiwa nyumbani, na itakuwa vigumu kumpinga.

Utaratibu ulio salama ni kupiga picha kwanza. Picha ya kifaa kizima, picha ya kasoro kwa karibu, na video fupi inayoonyesha ndoana ikiteleza au uzi ukikatika. Boksi lihifadhiwe pamoja na karatasi iliyotaja ukubwa wa ndoana ambao jiliwa linaweza kushika, kwa kuwa maneno hayo ni ahadi ya muuzaji. Risiti ikipotea, ujumbe wa M-Pesa una jina la aliyelipwa, kiasi, tarehe, saa na namba ya muamala, na taarifa ya akaunti inaweza kuombwa hata baada ya ujumbe kufutika kwenye simu. Kisha muuzaji aandikiwe siku ile ile kasoro ilipogunduliwa. Kupiga simu ni sawa, lakini simu haiachi karatasi. Ujumbe wa maandishi unaotaja kifaa, tarehe ya kununua, kasoro na kinachoombwa (kutengenezewa, kubadilishiwa au kurudishiwa pesa) unatosha.

Kurudisha muamala kwa kutuma ujumbe wa M-Pesa kwenda 456 hakusaidii hapa. Njia hiyo ni ya aliyekosea namba. Aliyenunua kitu kibovu ana ugomvi na muuzaji, na kampuni ya simu haiuamui.

"Mali ikiuzwa hairudishwi"

Maandishi hayo yako ukutani katika maduka mengi ya Kenya, na chini ya risiti nyingi. Watu huyasoma kama amri ya serikali. Si amri. Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na haki ya fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inaweka ndani ya kila mauzo ya mfanyabiashara masharti ambayo hayahitaji kuandikwa: bidhaa ifanane na maelezo yake, iwe ya ubora unaouzika, na ikiwa mnunuzi amemweleza muuzaji kazi anayoitakia na kutegemea ujuzi wake, iifae kazi hiyo. Juu ya hayo, Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji, Na. 46 ya 2012, inamhesabu muuzaji kuwa amedhamini ubora wa bidhaa, na kuiondoa kinga hiyo kwa kibandiko cha ukutani hakuruhusiwi. Sheria hiyo hiyo inamtambua mtumiaji wa bidhaa hata kama si yeye aliyelipa, jambo la maana kwa kifaa cha kufungia nzi, ambacho mara nyingi huwa zawadi.

Haki hizo zina mipaka, na ni vyema kuijua kabla ya kwenda dukani kwa sauti kubwa. Aliyekikagua kifaa kabla ya kununua hawezi baadaye kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuionyesha: mkwaruzo, mguu uliopinda. Kasoro za vifaa hivi kwa kawaida ni za ndani, kama matiko mabaya au mrija wenye makali, na hizo hazionekani kaunta. Tena, aliyekaa na kifaa muda mrefu huhesabiwa kuwa amekikubali. Huenda asiweze tena kukikataa na kudai pesa zote, ila bado anaweza kudai fidia ya tofauti kati ya alichoahidiwa na alichopewa. Sheria ya Ukomo wa Madai, Sura ya 22, inatoa miaka 6 kwa madai ya mkataba. Miaka 6 na siku 14 za duka ni vitu viwili mbali kabisa.

Muuzaji akinyamaza, barua ya madai impe muda wa kutosha, siku 14 kwa mfano. Baada ya hapo kuna Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, inayopokea malalamiko ya watumiaji chini ya Sheria ya Ushindani ya 2010, na kuna Mahakama ya Madai Madogo. Mahakama hii iliundwa kwa sheria ya 2016 na husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, yakiwemo ya uuzaji wa bidhaa. Mlalamikaji anaweza kusimama mwenyewe bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Kwa pakiti moja ya ndoana hakuna haja ya kufika huko. Kwa jiliwa la bei ya ndama, haja ipo.

Duka likiwa ng'ambo

Sheria ya Kenya haina mkono mrefu wa kufika kwa muuzaji wa Ohio. Aliyelipa kwa kadi ya benki, au kwa kadi ya Visa inayotolewa kupitia M-Pesa GlobalPay tangu 2022, anaweza kuomba benki au kampuni iliyotoa kadi ipinge malipo hayo kwa sababu bidhaa haikuwa kama ilivyoelezwa. Muda wa ombi hilo kwa kawaida ni siku 120, mrefu kuliko wa maduka mengi. Picha na ujumbe vilivyotajwa hapo juu ndivyo vitakavyoombwa.

Kifaa kilichonunuliwa Uingereza na jamaa anayeishi huko kina njia yake. Sheria ya Haki za Watumiaji ya 2015 inampa mnunuzi siku 30 za kukikataa kifaa kibovu, na baada ya hapo haki ya kutengenezewa au kubadilishiwa. Kasoro ikijitokeza ndani ya miezi 6, huchukuliwa kuwa ilikuwepo tangu mwanzo mpaka muuzaji athibitishe vinginevyo. Anayedai ni aliyenunua, hivyo jamaa huyo ndiye wa kuandika barua. Baadhi ya watengenezaji wa majiliwa hudhamini mataya kwa miaka mingi, na hao hukubali kutuma taya jipya peke yake, ambalo ni jepesi na rahisi kusafirisha. Kuomba taya peke yake mara nyingi huzaa matunda kuliko kubishania kifaa kizima.

Fundi yupi

Madai yakishindikana, au yakiwa hayastahili nauli, kifaa kipelekwe kwa fundi anayekifaa. Karakana za kando ya barabara Turbo zimezoea majembe ya trekta, mageti na mashine za kupukuchua mahindi. Ni hodari kwa kazi hizo, lakini taya la jiliwa lisichomelewe kamwe: moto huondoa matiko, na taya hubaki laini kama msumari. Meno ya skrubu yaliyokwisha ni jambo jingine. Mwenye mashine ya kerezo mjini Eldoret anaweza kutoboa tundu kubwa kidogo na kukata meno mapya, na jiliwa likarudi kazini kwa miaka.

Vifaa vya uzi vina fundi wao, naye ni fundi wa cherehani. Huyo hukutana kila siku na vyuma vinavyokata uzi, springi zilizolegea na mikasi butu. Mrija wa kishika uzi atausugua kwa msasa mwembamba uliosokotwa, kisha kwa uzi wa pamba uliopakwa dawa ya kung'arishia chuma, mpaka pamba ipite bila kunasa. Mikono ya kishika uzi inayobana mno hupanuliwa polepole kwa vidole, kidogo kidogo, maana waya ukipanuliwa kupita kiasi haurudi. Mrija wa kauri wenye ufa haufanyiwi kitu. Hubadilishwa.

Ndoana mbovu hazitengenezeki. Chache zibaki ndani ya pakiti yao kama ushahidi hadi dai liishe, na zilizobaki zisitupwe jalalani wala shambani. Turbo ni nchi ya ng'ombe wa maziwa, na ng'ombe humeza chuma pamoja na nyasi. Ndoana hizo zitiwe ndani ya mkebe wenye kifuniko na kupelekwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.