Kuujua Uyoga Kabla ya Kuutia Chunguni



Masika yaliyopita mwanafunzi wangu mmoja alirudi kutoka shamba na uyoga kikapuni, akaniuliza: "Maalim, huu unalika?" Kabla sijamjibu, bibi yake akasema: "Upikeni na kitunguu thomu. Kikigeuka cheusi, una sumu."

Nilimtaka radhi bibi, nikawazuia wasiupike. Maneno hayo tumeyarithi, lakini si kweli. Uyoga unaoua haubadilishi rangi ya kitunguu wala ya fedha, na moto hauiondoi sumu yake.

Yapasa kwanza kuugeuza na kuutazama chini ya kofia. Aina nyingi zina vipande vyembamba mfano wa kurasa za kitabu. Nyengine zina vitundu vidogo vidogo mfano wa sifongo. Hizo wataalamu huziita boleti. Nyingi katika boleti huishi kwa kushirikiana na mizizi ya miti, ndiyo maana bara huota katika misitu ya miombo na chini ya misonobari.

Kisha hutazamwa rangi ya vitundu, na shina kama lina nyuzi mfano wa wavu. Boleti nyengine zikikatwa hugeuka buluu kwa kupata hewa. Hiyo si dalili ya sumu, wala kutogeuka si dalili ya usalama. Kofia ikilazwa usiku kucha juu ya karatasi nyeupe huacha vumbi, na la boleti aghalabu huwa rangi ya kahawia au ya zaituni.

Uyoga unaoua zaidi duniani, *Amanita phalloides*, una kurasa nyeupe, na shina lake limeota ndani ya kifuko. Aliyeula huanza kutapika baada ya saa 6 au zaidi, kisha huona nafuu, kumbe ini linaharibika. Lakini vitundu navyo si dhamana, kwani zimo boleti zinazotapisha vibaya.

Mwaka 2003 Härkönen, Niemelä na Mwasumbi walitoa kitabu juu ya uyoga wa Tanzania, nao waliwauliza wenyeji wanaouchuma. Basi asiyejua na aulize. Na asipopata ajuaye, auache. Chakula asili yake ni halali, ila kinachodhuru si halali. Na aliyekwisha kula akaumwa, apelekwe hospitali upesi pamoja na kipande kilichobaki.

Uyoga wa yule mtoto ulikuwa na vitundu, lakini aina yake sikuijua; tukaufukia. Bibi alininunia siku mbili. Nami niliona heri kununiwa na bibi kuliko kumzika mjukuu wake.