Mizani ya Kumpimia Micho

Ukitaka kujua jinsi sisi raia tunavyowahukumu watu tuliowakabidhi kazi, huna haja ya kwenda mbali. Kaa katika kibanda chochote cha video hapa Kasese, au penye kituo cha bodaboda kule Bwera, kisha utaje jina la Milutin Sredojević. Mserbia huyu, ambaye Waganda tumezoea kumwita Micho, ameifundisha timu yetu ya taifa mara mbili: kuanzia 2013 hadi 2017, na tena kuanzia 2021 hadi 2023. Mara ya kwanza aliondoka watu wakimlilia. Mara ya pili aliondoka wakimzomea. Leo wengi humkumbuka kwa hiyo ya pili peke yake. Husema, "Yule alikwisha zamani," na wapo wanaoongeza kwamba hata mafanikio ya mwanzo yalikuwa bahati tu.

Hukumu hiyo siikubali, ingawa sidai kwamba Micho hana lawama.

Tuanze na hiyo inayoitwa bahati. Kabla yake, Uganda ilikuwa imeshiriki Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya mwisho mwaka 1978, ilipofungwa na Ghana 2-0 mjini Accra katika mchezo wa fainali. Vizazi vya wachezaji vikapita. Mskoti Bobby Williamson alitwaa Kombe la CECAFA mara nne akiwa na timu yetu, lakini Oktoba 2011, tulipohitaji ushindi mmoja tu nyumbani dhidi ya Kenya, mchezo ukaisha bila bao na mlango ukafungwa. Mwaka uliofuata Zambia ikatutoa kwa mikwaju ya penalti pale pale Namboole. Micho alirithi kikosi chenye jeraha hilo. Tarehe 4 Septemba 2016 bao la Farouk Miya dhidi ya Komoro likatupeleka Gabon. Tulimaliza kundi kwa pointi 13, sawa na Burkina Faso iliyoongoza. Na hapa naomba msomaji atulie kidogo: wakati ule mashindano yalikuwa ya timu 16. Leo ni 24. Aliyepenya mlango ule mwembamba hawezi kulinganishwa kijuujuu na waliokuja baada ya mlango kupanuliwa.

Huko Gabon tulifungwa bao moja na Ghana, bao moja na Misri, tukatoka sare ya 1-1 na Mali. Hatukushinda, wala hatukuaibika.

Julai 2017 Micho akajiuzulu akisema hajalipwa mishahara yake ya miezi kadhaa. Jambo hili mashabiki hulipita mbio, nami nashangaa, kwa kuwa wengi wao ni watu wa ujira: vibarua wa mashamba ya kahawa na pamba, madereva, walimu wenzangu. Mtu anayejua uchungu wa kungoja malipo ya kazi aliyokwisha kuifanya angetarajiwa kulielewa hilo kabla ya kuambiwa. Lakini anapomzungumzia kocha huyo, uchungu wake mwenyewe haumkumbushi neno.

Sasa tuje kwenye kurudi kwake, ambako ndiko kuliko na kesi hasa. Katika mechi za kufuzu fainali za 2023 tulipangwa na Algeria, Niger na Tanzania, na timu mbili za juu zingefuzu. Uwanja wa Namboole ulikuwa umefungwa kwa matengenezo. Hakukuwa na uwanja mwingine nchini uliofikia kiwango kilichotakiwa, na kwa hiyo "nyumbani" kwetu pakahamia nchi za watu. Tanzania tuliipokea Ismailia, Misri, Machi 2023, tukafungwa 1-0. Algeria tuliipokea Douala, Kamerun, mwezi Juni, tukafungwa 2-1. Katikati ya hayo, siku nne tu baada ya kipigo cha Ismailia, vijana wale wale walikwenda Dar es Salaam wakaifunga Tanzania 1-0 mbele ya umati wake. Hesabu ya mwisho: Tanzania pointi 8, Uganda 7. Pointi moja! Septemba 2023 Micho akaondoka.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na haki ina pande mbili. Mchezo wa kwanza wa nyumbani katika kundi hilo, dhidi ya Niger mwaka 2022, tuliucheza hapa hapa Uganda, nao ukaisha 1-1. Ushindi siku ile peke yake ungetosha kutuvusha. Hapo Micho hawezi kuusingizia uwanja wala safari. Alikuwa na nafasi pana kuliko ile ya 2016, na kikosi kilichokwisha kuzoea fainali mbili za Afrika, akaipoteza. Shabiki akimlaumu kwa hilo, mimi niko upande wake.

Ninachokikataa ni lawama yote kurundikwa kwenye kichwa kimoja kwa sababu ndicho kinachoonekana katika televisheni. Namboole ni mali ya umma, na kuutunza uwanja huo si kazi ya kocha. Kwa nini taifa lilifika mahali pa kukosa uwanja hata mmoja unaokubalika? Nani alipanga bajeti, nani alichelewesha, nani alijua mapema na akanyamaza? Maswali hayo sikuyasikia vibandani. Kocha alipoondoka, hasira ikatulia, na wenye kuulizwa wakalala usingizi wao.

Tabia hii tunayo hata nje ya mpira. Mto ukibeba daraja katika mojawapo ya vijiji vyetu vya mlimani, wa kwanza kutukanwa ni mwenyekiti wa LC I, kwa kuwa ndiye tunayekutana naye kisimani. Lakini mwenyekiti huyo hana fungu la kujengea daraja. Barabara za wilaya ziko mikononi mwa halmashauri ya wilaya, ambayo mikutano yake wachache wetu huihudhuria. Tunambadilisha mwenyekiti, na mvua ijayo mto unapita pale pale.

Kwa wakazi wa Bwera kuna ushahidi mwingine ulio karibu zaidi, ng'ambo tu ya mto Lhubiriha. Sébastien Desabre, Mfaransa aliyetufundisha baada ya Micho kuondoka mara ya kwanza, alitufikisha kumi na sita bora nchini Misri mwaka 2019, baada ya kuifunga Kongo 2-0 katika mchezo wa kwanza. Tulipotolewa na Senegali kwa bao moja, akaagana nasi mwezi ule ule. Agosti 2022 Wakongo wakamchukua yeye yule aliyewafunga, huku timu yao ikiwa imepoteza mechi mbili za mwanzo za kufuzu. Akaifikisha nusu fainali mapema 2024, baada ya kutoka sare katika mechi zote tatu za makundi. Kama Wakongo wangemhukumu kwa sare hizo tatu, wasingemwona akiitoa Misri kwa penalti. Jamaa zetu wa Kasindi hutukumbusha habari hii kila tunapovuka kwenda kununua vitenge, na hatuna la kuwajibu.

Baada ya Micho alikuja Mbelgiji Paul Put, ambaye alifuzu kwa fainali za 2025 mnamo Novemba 2024. Mashabiki wa Kasese wamekwisha kutoa hukumu yao: huyu ni bora kuliko yule. Pengine. Lakini katika mechi hizo Put alikuwa na Namboole iliyofunguliwa upya, akaipokea Kongo-Brazzaville na Sudan Kusini mbele ya Waganda wenzetu, akazifunga zote mbili. Sijui yeye angefanya nini Ismailia. Kwa sasa, nikilazimishwa kuwapanga, Micho wa 2016 namweka mbele yake, kwa sababu ya zile nafasi 16; Micho wa 2023 namweka nyuma, kwa sababu ya ile sare ya Niger.