Raba moja haipandi Meru ikashinda Tokyo

Sekunde 0.03. Hiyo ndiyo tofauti iliyompa Alphonce Simbu dhahabu ya marathoni kwenye mashindano ya riadha ya dunia jijini Tokyo, Septemba 15, 2025. Baada ya kilomita 42 na ushee, yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda uleule, saa 2:09:48, ikabidi picha ya mstarini iamue. Tanzania haikuwahi kupata dhahabu kwenye mashindano hayo.

Sasa njoo Arusha, alfajiri, barabara ya kwenda Ngaramtoni. Vijana wanapita kwa makundi, pumzi zinatoa moshi kwa baridi, kila mmoja anajiona Simbu wa kesho. Mapafu wanayo, jiji liko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari na mlima upo mgongoni. Moyo wanao. Lakini watazame miguuni.

Unakuta kijana ana raba moja. Jumatatu amepanda nayo Ilboru kwenye udongo, Jumatano amekimbia nayo spidi uwanjani, Jumamosi amepiga nayo kilomita 30 za lami, na Jumapili kama kuna mbio za zawadi mjini ni hiyohiyo. Kisigino kimeliwa upande mmoja, soli imekuwa ngumu kama ubao. Akianza kulalamika goti au ugoko, anaambiwa akaze, mbio siyo lelemama.

Hapo ndipo vipaji vinapotupotea. Wengi hawafiki hata siku ya kushindwa na Mkenya, mguu unagoma mapema.

Kwenye soka jambo hili halina mjadala. Mchezaji wa Simba au Yanga anayesafiri na njumu moja tu atachekwa na mtunza vifaa. Uwanja ukiwa umeloa anavaa zenye meno marefu, ukiwa mkavu anavaa fupi, na kwenye nyasi bandia anavaa zenye vimeno vidogo vingi ili goti lisizunguke mguu ukiwa umenasa. Hakuna anayeita hiyo anasa. Inakuwaje mkimbiaji, ambaye kazi yake yote ni miguu, aambiwe raba moja inamtosha?

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Raba ya mazoezi hudumu kilomita 500 hadi 800, baada ya hapo ile sponji ya ndani ya soli imekufa hata kama juu bado inang'aa. Mkimbiaji wa marathoni anayejiandaa kwa dhati hufikisha kilomita 160 kwa wiki, na wengine hupita 200. Maana yake raba moja, ikitunzwa vizuri sana, ina wiki tano za maisha. Kijana anayesema "hii nimeanza nayo mwaka jana" anakimbilia mfupa wake mwenyewe.

Watafiti wa Luxembourg waliwafuatilia wakimbiaji wa kawaida 264 kwa wiki 22. Waliokuwa wanabadilishana raba zaidi ya moja walikuwa na hatari ya kuumia iliyo pungufu kwa asilimia 39 kuliko wale wa raba moja. Sababu inaeleweka hata bila maabara. Kila raba inaupiga mguu kwa namna yake, kwa hiyo mshipa mmoja haupokei pigo lilelile kila siku.

Na kama kuna mahali raba moja haiwezi kutosha, ni hapa. Ndani ya mwendo wa nusu saa kutoka katikati ya jiji, mkimbiaji anakanyaga ardhi za namna nne. Kuna lami ya barabara kuu. Kuna njia za changarawe za Njiro na Moshono. Kuna udongo wa volkano wa miteremko ya Meru, ambao kiangazi ni vumbi na masika unateleza kama sabuni. Halafu kuna uwanja, wa nyasi au vumbi hapa nyumbani, na ile sakafu nyekundu ya mpira, tatani, ambayo wengi wanakutana nayo siku ya mashindano makubwa.

Basi mkimbiaji wa Arusha anahitaji nini? Siyo kabati la duka. Anahitaji pea nne, na azipate kwa mpangilio, moja baada ya nyingine.

Ya kwanza ni raba ya kila siku. Nzito kidogo, soli nene, imara kisigino. Hii ndiyo ugali wa mkimbiaji, inabeba kilomita nyingi za taratibu kuliko nyingine zote. Hela ya kwanza iende hapa.

Ya pili ni raba ya njia za mlimani, yenye meno ya mpira chini na ngozi ngumu puani kwa ajili ya mawe na mizizi. Kuanzia Machi hadi Mei, Meru siyo mahali pa kwenda na soli iliyolainika. Kuteleza mara moja kwenye mteremko kunaweza kukugharimu msimu mzima. Na kuna faida nyingine, raba hii inapolowa, ile ya kila siku inabaki kavu. Raba iliyoloa haikauki usiku mmoja kwa baridi ya huku. Ijazwe magazeti ndani (hata hili, likishasomwa) na iwekwe penye upepo. Isianikwe juu ya jiko, gundi itaachia.

Ya tatu ni spaiki, kwa wale wa uwanjani na mbio za nyika. Hizi zina misumari ya kufungua na kufunga, mifupi kwa tatani, mirefu kwa nyasi na tope. Kijana wa mita 1,500 anayegusa spaiki kwa mara ya kwanza wiki ya mashindano ya taifa ameshajiumiza, maana zinamweka kwenye vidole na ndama za miguu zinawaka moto. Mwaka 1974, Filbert Bayi, kijana wa Karatu, alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch kwa dakika 3:32.2. Kasi ya namna ile inataka mguu uliozoea kiatu cha kasi.

Ya nne, na ya mwisho, ni raba ya mashindano. Hapa ndipo vijana wengi wanapokosea, kwa sababu wanaanzia hapa.

Tangu Nike walipoleta Vaporfly mwaka 2017, yenye bamba la kaboni ndani ya sponji nyepesi, marathoni imebadilika. Utafiti wa maabara ulionyesha inapunguza nguvu anayotumia mkimbiaji kwa wastani wa asilimia 4, na kampuni nyingine zikafuata. Bei yake ilipotoka ilikuwa dola 250, kwa hela ya leo ni zaidi ya laki sita. Kijana anachanga miezi, anakopa, anainunua. Halafu kwa kuwa ndiyo pekee aliyonayo, anaifanyia mazoezi kila siku, kwenye changarawe! Sponji ile haikutengenezwa kwa kazi hiyo, inachoka mapema kuliko ya raba ya kawaida. Siku ya mbio anaingia na maiti mguuni.

Tena raba hizi zina sheria. Shirikisho la riadha la dunia limeweka kikomo, soli ya mbio za barabarani isizidi milimita 40, na ya uwanjani, tangu Novemba 2024, isizidi milimita 20. Anayedhani hilo ni la karatasi tu amuulize Derara Hurisa wa Ethiopia. Septemba 2021 alikata utepe wa kwanza kwenye marathoni ya Vienna, kisha akaenguliwa palepale kwa sababu soli yake ilikuwa na sentimita tano badala ya nne. Ushindi akapewa Mkenya Leonard Langat. Mtu ana raba zaidi ya moja lakini hajui ipi ni ya nini. Kuwa nazo peke yake hakutoshi.

Wapo wazee watakaosema haya ni mambo ya Ulaya, kwani Abebe Bikila alishinda Olimpiki ya Roma 1960 akiwa peku. Ni kweli. Lakini simulizi hiyo huwa inakatwa katikati. Bikila alikuwa ameshazoea kukimbia peku mazoezini, na viatu alivyopewa kule havikumkaa vizuri. Miaka minne baadaye, Tokyo, alivaa viatu na soksi, akashinda tena na kuvunja rekodi ya dunia. Mguu uliokulia peku ni mali, hakuna ubishi. Ila kijana anayepiga kilomita 30 za lami kila Jumamosi hayuko kwenye majani ya malishoni.

Swali la kweli ni hela. Mtoto wa mkulima wa Oldonyo Sambu atatoa wapi pea nne?

Jibu la kwanza ni mitumba, na hakuna aibu. Kilombero hapa Arusha na Memorial kule Moshi, raba nzuri zinapita kila wiki. Kinachotakiwa ni jicho. Iweke juu ya meza, kama inalalia upande mmoja, iache, ilishachukua umbo la mguu wa mwingine. Bonyeza soli kwa kidole gumba, kama hairudi, imekufa. Ikunje, inatakiwa ivunjike penye vidole, siyo katikati. Angalia kisigino kimeliwa kiasi gani. Raba iliyooshwa ikang'aa siyo raba mpya.

Jibu la pili ni klabu. Kambi za mbio za Arusha na Karatu zinaweza kuwa na stoo ya viatu kama timu za soka zilivyo na stoo ya njumu na jezi. Spaiki hazivaliwi kila siku, na pea kumi za saizi tofauti zinaweza kuhudumia vijana wengi kwa zamu. Raba za mlimani vilevile. Kinachohitajika ni daftari, na mtu mmoja mwaminifu wa kuandika nani kachukua, kakimbia kilomita ngapi, karudisha lini. Raba ya kila siku iwe ya mtu mwenyewe, hizo nyingine ziwe za kambi.

Jibu la tatu linawahusu wenye mbio. Siku hizi kila mwezi kuna mbio, na kila mbio zina fulana. Mkimbiaji mzuri wa Arusha ana fulana ishirini nyumbani na raba moja. Waandaaji wachukue sehemu ya hela ya fulana wanunue viatu vya vijana kumi bora wasio na mkataba. Wadhamini wapige picha wakikabidhi spaiki badala ya hundi ya mbao. Riadha Tanzania nao, wanapoita vijana kambini, waulize viatu wiki ya kwanza, isiwe usiku wa kuamkia safari.

Jiji hili linajengewa uwanja wa watu 30,000 kwa ajili ya AFCON 2027, na ni jambo la heri. Lakini sifa ya ukanda huu duniani ililetwa kwanza na wakimbiaji. Stoo ya viatu kwa kambi moja ni tone tu ukilinganisha na bei ya uwanja.

Juma Ikangaa aliwahi kupoteza Boston kwa sekunde moja, mwaka 1988, mbele ya Mkenya Ibrahim Hussein. Simbu ameshinda dunia kwa sekunde 0.03. Katika pengo dogo namna hiyo kila kitu kina uzito, usingizi, maji, chakula, na kilichovaliwa mguuni miezi sita kabla ya siku yenyewe. Raba haimpi mtu kipaji, ila inaweza kukilinda kifike mstarini kikiwa kizima.

Kesho alfajiri, kocha, kabla hujashika saa ya kupimia muda, wapange vijana wako mstari mmoja, waambie wainue miguu, uangalie soli. Utajua wiki ijayo nani atakuja mazoezini na nani atabaki nyumbani akijikanda goti.