Swali la Mpemba bado linatudai

Mwananchi anayeshuka boti ya Unguja bandarini Dar es Salaam na kushika njia ya Kariakoo, hata kabla hajaufikia Mtaa wa Kongo huwa amekwisha kulisikia neno "Mpemba" mara kadhaa. Mpemba wa vitambaa, Mpemba wa vyombo, kamuulize Mpemba bei. Leo tunataka kumzungumza Mpemba mwingine, asiyekuwa na duka, wala asili yake si kisiwani. Huyu ni Erasto Mpemba, mtoto wa Bara, ambaye jina lake hivi sasa limo katika majarida ya fizikia ya Ulaya na Marekani, likiandikwa vile vile tunavyoliandika sisi, na watu ambao pengine hawawezi kukionyesha kisiwa cha Pemba katika ramani.

Kisa chenyewe wengi wamekisikia nusu nusu, kwa hiyo yafaa tukieleze. Mwaka 1963 Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba, mkoani Tanga. Wanafunzi walikuwa na desturi ya kutengeneza aiskrimu: maziwa yanachemshwa, yanachanganywa na sukari, yanaachwa yapoe, kisha yanatiwa katika friji. Siku moja nafasi ilikuwa chache. Mwenzake mmoja akatia maziwa yake bila ya kuyachemsha. Mpemba naye, kwa kuchelea kukosa nafasi, akatia yake yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu hivi akakuta yake yameganda na ya mwenzake bado ni uji uji. Alipomwuliza mwalimu sababu, akaambiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani.

Baadaye, kwa rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu mjini Tanga, alisikia kwamba watu wa kazi hiyo wanalijua jambo hilo na wanalitumia. Hapo tunaomba msomaji asimame kidogo. Elimu ilikuwako mjini, mikononi mwa wachuuzi, na darasa halikuwa na habari nayo.

Alipofika shule ya juu ya Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, na safari hii jibu likawa la kejeli: hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya dunia. Toka siku hiyo kila alipokosea, wenzake walimtania kuwa hiyo nayo ni ya Mpemba. Hata hivyo, alipokuja Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuzungumza na wanafunzi, kijana yule alisimama akauliza: vyombo viwili vya maji yenye ujazo sawa, kimoja nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, vikitiwa katika friji, kile cha moto huganda kwanza; kwa nini? Ukumbi ukacheka. Osborne hakucheka. Alirudi Dar es Salaam akamwagiza fundi wa maabara ajaribu. Fundi akarudi na habari kwamba maji ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, ila akaahidi kuendelea kurudia mpaka apate jibu lililo sahihi! Mwaka 1969 Osborne na Mpemba walichapisha pamoja makala yao katika jarida la walimu wa fizikia la Uingereza. Mpemba mwenyewe alikwenda kusomea uhifadhi wa wanyamapori Mweka, na kazi ya wanyamapori ndiyo aliyoifanya maishani.

Sasa, kuna uhusiano gani baina ya aiskrimu ya Magamba na elimu hii mpya inayoitwa ya kwanta, ambayo Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 2025 kuwa mwaka wake?

Tuanzie sokoni, kwani soko lina mfano wake. Katika Kariakoo nyanya huuzwa kwa fungu. Mnunuzi huchukua fungu moja au matatu; akitaka robo ya fungu, mama muuzaji humtazama tu. Mwishoni mwa karne ya 19 wataalamu walidhani kwamba maumbile huuza nguvu zake kama mafuta ya taa yanavyomiminwa, kiasi chochote upendacho. Lakini hesabu zao zilipotumiwa kwa kitu chenye moto, kama chuma kilichoiva jikoni, zilidai kwamba kitu hicho kitoe nuru isiyoonekana, iliyo ng'ambo ya zambarau, bila ya mpaka wowote. Jiko la mkaa lingalikuwa ni hatari kwa kila aliye mbele yake. Mwaka 1900 Max Planck wa Ujerumani akaona kwamba hesabu hukaa sawa iwapo nguvu zitahesabiwa kwa mafungu, na fungu la nuru ya buluu ni kubwa kuliko fungu la nuru nyekundu. Mwaka 1905 Einstein akaongeza kwamba nuru yenyewe husafiri kwa mafungu hayo. Fungu hilo ndilo kwanta.

Asiseme mtu kwamba haya ni mambo ya wenzetu. Ingia katika duka lolote la vifaa vya umeme mtaa wa Uhuru au Msimbazi ukatazame taa za LED zilivyopangwa. Ndani ya kipande kidogo cha taa ile elektroni huteremka ngazi moja, na kwa kuteremka hutoa fungu moja la nuru. Kimo cha ngazi ndicho kinachoamua rangi. Nyekundu na kijani zilipatikana mapema. Ngazi ya buluu iliwashinda watu miaka mingi, hata Wajapani watatu, Akasaki, Amano na Nakamura, wakaipata mwanzoni mwa miaka ya 1990 na kutunzwa Nishani ya Nobel mwaka 2014. Bila ya buluu ile isingekuwako taa nyeupe inayomulika leo vibanda vya chipsi hadi usiku wa manane. Simu nazo, zinazouzwa mtaa wa Aggrey kwa maelfu, zimejaa vidude vya umeme visivyoweza hata kufikirika bila ya elimu hiyo hiyo. Sisi ni wanunuzi wakubwa wa kwanta. Tunainunua bila ya kujua tunachonunua.

Fumbo kubwa zaidi linahusu vitu viwili vilivyofungamana. Chukua jozi ya makubadhi. Kimoja kifungwe katika karatasi kipelekwe Unguja kwa boti, kingine kibaki Kariakoo, na hakuna aliyetazama kipi ni kipi. Anayefungua Unguja akakuta cha kulia anajua papo hapo kwamba kilichobaki Dar es Salaam ni cha kushoto. Hapo hapana ajabu, kwa kuwa kila kiatu kilikuwa na upande wake tangu kilipotoka kwa fundi. Einstein alitumaini kwamba chembe zilizofungamana nazo zina siri ya namna hiyo, kwamba kila moja imebeba jibu lake tangu mwanzo. Mwaka 1964, mwaka ule ule wa Muungano wetu, John Bell wa Ireland ya Kaskazini alionyesha kwamba jambo hilo laweza kupimwa: kama chembe zimebeba majibu yao kila moja peke yake, mapatano yao hayawezi kuvuka kiwango fulani. Vipimo vilifanywa, na kiwango kikavukwa. Clauser, Aspect na Zeilinger walipewa Nobel mwaka 2022 kwa kazi hiyo. Chembe si makubadhi. Na juu ya hayo, haiwezekani kupeleka hata salamu moja kwa njia hiyo kutoka Dar es Salaam hadi Unguja. Bado simu inahitajika. Wataalamu wanajua kulihesabu jambo hili kwa usahihi wa ajabu, lakini wanapoulizwa maana yake wanabishana hadi leo kama wazee barazani.

Hapo ndipo anaporudi Mpemba. Mwaka 2017 Zhiyue Lu na Oren Raz walionyesha kwa hesabu kwamba kitu kilicho mbali zaidi na utulivu chaweza kuufikia utulivu huo mapema kuliko kilicho karibu, kwa kuwa kilicho mbali pengine huangukia njia ya mkato. Mwaka 2020 kule Kanada, Kumar na Bechhoefer walilithibitisha kwa chembe ndogo mno zilizo ndani ya maji. Mwaka 2023 Ares, Murciano na Calabrese wa Trieste, Italia, wakauliza swali hilo hilo katika maada ya kwanta, na mwaka 2024 wataalamu wa Innsbruck, Austria, wakalijaribu. Walipanga ioni 12 katika mstari, kila moja ikiwa kama sindano ndogo ya dira. Sindano zilipoinamishwa, zote zikawa zinaelekea upande mmoja. Kisha zikaachwa zishirikiane. Kwa kufungamana na wenziwe, kipande kimoja cha mstari husahau polepole upande kilichokuwa kikiuelekea. Akili ya kawaida inasema kwamba zilizoinama kidogo zitasahau kwanza. Zilizoinama zaidi ndizo zilizotangulia kusahau. Hapo hapana friji, hapana maziwa, wala hapana baridi kwa maana tuijuayo. Hata hivyo jambo lile limepewa jina la kijana wa Magamba.

Haki lazima isemwe: kuhusu maji yenyewe, shauri halijakatwa. Mwaka 2012 Chama cha Kemia cha Uingereza kilitangaza zawadi kwa atakayeeleza vizuri sababu yake, yakaja majibu zaidi ya 22,000, na hakuna lililomaliza ubishi. Mwaka 2016 Burridge na Linden walipima kwa uangalifu wakasema hawakuona ushahidi wa kuaminika, na kwamba hata mahali kipimo kilipowekwa, juu kidogo au chini kidogo, huweza kuleta matokeo ya uongo. Sisi hatuoni kwamba jambo hilo linampunguzia Mpemba heshima. Hatupendi ile tabia ya kujisifu kwa jina lake katika hotuba na kusahau kwamba alichotoa yeye ni swali.

Na hapa tuna maneno na wakubwa wetu wa elimu, wa Bara na wa Visiwani.

Katika mji wa Dar es Salaam, na hata Unguja, wako watu wanaowapima wagonjwa kwa mashine waziitazo za "quantum". Mgonjwa hushikishwa kijiti cha chuma kilichounganishwa na kompyuta, na baada ya dakika chache hutolewa karatasi zenye orodha ya maradhi ya ini, figo na moyo, na dawa za kununua papo hapo. Kijiti kile hakiwezi kusoma habari za ini. Mashine inayotumia kweli elimu ya kwanta kutazama ndani ya mwili ni ile ya MRI iliyoko Muhimbili, yenye sumaku kubwa inayojaza chumba kizima. Mwananchi anayetoa fedha yake ya wiki kwa ajili ya kijiti si mjinga. Amenyimwa tu elimu ya kumwezesha kuuliza swali moja, kwamba hiki kinapimaje. Mikaguzi na ifanywe, lakini mikaguzi haitawahi kumaliza biashara ambayo mtaji wake ni kutojua.

Jambo la pili ni lugha. Tangu mwaka 1967 mtoto wa Bara anasoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Akifika sekondari ndipo anapokutana na fizikia, na hapo hapo anavuliwa lugha. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitolewa na TUKI mwaka 1990. Elimu ya kwanta imekwenda mbali sana tangu hapo, na BAKITA na BAKIZA hawana budi kuketi pamoja na walimu wa sayansi waamue tuseme kwanta au kwantamu, kufungamana au kunasana. Sisi wengine tulianza chuoni kwa kuhifadhi juzuu katika lugha tusiyoifahamu, lakini maalimu alitufasiria kwa lugha ya nyumbani, na aliyeuliza hakupigwa. Tunashindwa kuelewa kwa nini atomu isifasiriwe vivyo hivyo.

Jambo la tatu ni Mkwawa. Shule ile aliyochekewa Mpemba ni chuo kikuu kishiriki cha elimu tangu mwaka 2005, na kazi yake ni kufunza walimu. Wanaotoka pale wanatawanyika nchi nzima. Chuo Kikuu chenyewe, kikumbukwe, kilianza mwaka 1961 na wanafunzi 14 ndani ya jengo la TANU mtaa wa Lumumba, hatua chache kutoka sokoni Kariakoo, hakikungojea majumba. Kwa hiyo mkuu wa shule asituambie kwamba anangojea maabara. Tunapendekeza kila sekondari ya Bara na Visiwani ilirudie jaribio la Magamba katika muhula mmoja, na wizara zote mbili ziyakusanye matokeo. Vinavyotakiwa ni friji, vikombe viwili vya aina moja, kipimajoto na saa. Maji yawe ya mfereji mmoja na yapimwe kiasi sawa. Vikombe viwekwe juu ya ubao na si juu ya utando wa barafu, kwa kuwa kikombe cha moto huyeyusha utando huo kikakaa vizuri zaidi penye ubaridi, na kipimajoto kiwekwe kina kile kile katika vyote viwili. Irudiwe mara kumi, na kila mara nafasi za vikombe zibadilishwe. Yatakayopatikana yaandikwe kama yalivyo, na fundi wa maabara asirudie mpaka apate lile alitakalo.