Kupumzika Bila ya Deni

Baadhi ya vijana wetu wa Bangwe watuuliza: je, yafaa baba awapeleke watu wa nyumbani mwake Lushoto, katika milima ya Usambara, wakaonje baridi shule zifungwapo mwezi wa Juni? Twajibu: yafaa, maadamu haki ya mtu haipotei.

Kwanza ihesabiwe nauli ya kila mmoja. Garimoshi la Kigoma, ambalo reli yake ilifika huku mwaka 1914, hupita Morogoro. Hapo hushukwa, ikapandwa basi kupitia Chalinze mpaka Mombo, kisha mlima kiasi cha kilomita 33. Siku za garimoshi ziulizwe stesheni mapema. Nauli ya kurudi iwekwe kando tangu mwanzo, wala isiguswe. Chakula cha njiani kipikwe nyumbani. Mablanketi na masweta yachukuliwe, kwani Lushoto iko kiasi cha mita 1,400 juu ya bahari, na usiku wake wa Juni si kama wa ziwani kwetu.

Sala za rakaa nne zaweza kufupishwa njiani. Bali anuiaye kukaa huko siku nne kamili, mbali na ya kuingia na ya kutoka, kwa madhehebu ya Imamu Shafi atasali kamili.

Ama akopaye ili asemwe amesafiri, huyo hakupumzika: amenunua baridi ya siku saba kwa mwaka mzima wa kumkimbia mdai. Fedha zisipotosha, na ziwekwe kidogo kidogo hata mwakani. Mwenyezi Mungu atuwafikishe. Amin.