Kalenda ya Ukutani na Bahari Isiyo na Kiingilio



Skuli zimefungwa, na kila asubuhi watoto wetu wauliza, "Leo twenda wapi?" Wengi wetu hukumbuka bei za hoteli, kisha hunyamaza. Ilhali tumezaliwa kando ya maji, na sehemu kubwa ya starehe yake haina kiingilio.

Tuanze na iliyo karibu. Feri ya Likoni haimtozi chochote mwenda kwa miguu. Kwa anayewahi kazi safari ile ni taabu. Kwa mtoto aishiye bara ya mji, kuiona meli ikiingia Kilindini ni hadithi ya mwezi mzima. Vukeni asubuhi umati ukishapungua, na mkirudi kisiwani kaeni kwenye upepo wa Mama Ngina, mkeka na chupa ya chai vikiwatosha.

Wapendao kuingia majini watazame kwanza kalenda ya Hijria iliyotundikwa ukutani, kwani maji hufuata mwezi. Mwezi uandamapo na ufikapo kumi na tano, huwa bamvua: hapa Mombasa maji hupwa sana mnamo saa nne asubuhi, na watoto huweza kutembea kwenye mchanga na vidimbwi wakitazama kaa na viti vya pwani. Lakini yakigeuka hurudi kwa kasi. Nanyi geukeni pamoja nayo. Karibu na tarehe 8 na 23 huwa maji mafu: mkondo hupungua nguvu, na asubuhi hiyo hiyo maji hujaa. Hizo ndizo siku za kujifunza kuogelea.

Tukumbuke pia kwamba mwezi wa Agosti kusi ingali yavuma. Wenye watoto wadogo wachague mahali palipokingwa na upepo. Kule Gazi, Kwale, akina mama wa kijiji wana njia ya mbao ipitayo katikati ya mikoko, na kiingilio kidogo watakacholipwa hubaki mikononi mwao.

Tuna neno na akina baba. Mara nyingi matembezi ya pwani huwa ya baba na wavulana. Mama hulinda vikapu, na binti huambiwa akae kitako kwa ajili ya stara. Stara ni haki yake, na kujua kuelea pia ni haki yake, kwani chombo kikipinduka maji hayatamuuliza ni mvulana au msichana. Nyumba tatu au nne zikubaliane kwenda mapema baada ya alfajiri, mahali pasipo macho mengi, na anayejua kuogelea miongoni mwa wanawake awafunze wenziwe. Buibui likirowa huwa zito na hufunga miguu. Vaeni dera jepesi na suruali ndani yake.

Na mkikodi mashua, patanisheni bei kabla ya kupanda, mwenda na mrudi. Ulizeni jaketi za kuokolea, ikiwemo ya kila mtoto kwa kimo chake. Chombo kikijaa, shukeni bila haya. Mnamo 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka ikiwa imepakia kupita kiasi, na watu 272 wakafariki. Hakuna nauli iliyo rahisi kiasi cha kulinganishwa na roho moja.

Basi juma hili tazameni mwezi, hesabuni maji, kisha tieni mahamri kikapuni. Pangeni safari ili Adhuhuri iwakute nchi kavu, mkiwa na maji matamu ya kutawadhia na kivuli cha kupumzikia. Mola awalinde watoto wetu, waume kwa wake, wakiwa majini na wakiwa bara.

Wabillahi tawfiq.